Uzi wa Kitanda cha Tatu

Katika wodi ya Mama Shwari wanawake walizaa bila kuguna, na hiyo ilikuwa sheria, si hiari. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Laiti wangefufuka mwaka ule wa vita wakashuka zile ngazi kumi na moja, wangewakuta wanawake wanaficha mpaka pumzi, na watoto wanatoka vilevile.

Mama Shwari alikuwa mkunga wa miaka ishirini na sita kazini, mwembamba, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa hasira. Jina alipewa na wanawake aliowazalisha, kwa sababu tangu uchungu wa kwanza mpaka kitovu kinakatwa alikuwa na neno moja tu: shwari, mama, shwari. Wodi yake ilikuwa imehama mara mbili. Kwanza ilikuwa hospitalini, mpaka bomu likaondoa paa. Ikahamia nyumba moja kando ya barabara kuu, na huko mwanamke mmoja akapiga ukelele wa kawaida kabisa, ukelele ambao wakati wa amani usingemgeuza hata paka. Wapiganaji waliokuwa wakipita wakausikia. Waliingia, wakabeba magodoro, dawa, jokofu, na mume wa yule mwanamke, ambaye mpaka leo hajarudi. Siku hiyo Mama Shwari aliapa kwamba chini ya mkono wake hatapiga kelele mtu tena.

Wodi ya tatu ilikuwa stoo ya chini ya duka la vitambaa na nyuzi, ambalo mwenyewe alilifunga akakimbia. Mlikuwa na vitanda vinne, meza moja, taa ya betri, na pazia kati ya kitanda na kitanda. Dirisha lilikuwa moja, dogo, juu karibu na dari, likitazama uani. Uani kulikuwa na tangi la maji, na tangi hilo wapiganaji walilijua.

Sasa, kumwambia mwanamke mwenye uchungu anyamaze ni sawa na kuiambia sufuria isichemke. Mama Shwari aliwafundisha hivyo hivyo, tangu mimba ikiwa ya miezi saba: vuta pumzi kwa pua, itoe polepole, uma kitambaa. Mtoto mchanga hafundishiki, kwa hiyo akitoka tu aliwekwa titini, na kisauti chake hakikufika mbali. Likabaki tatizo la mzazi kumwita mkunga. Mama Shwari akazitazama rafu za nyuzi zilizoachwa na mwenye duka, akapata wazo. Kila mzazi alifungwa uzi kidoleni. Uzi ulipita ukutani, kwenye misumari iliyopindwa, mpaka mezani kwa mkunga, na mwisho wake kilining'inia kipande cha kitambaa, kila kitanda na rangi yake. Mzazi akivuta, kitambaa kinaruka. Mkunga anakuja, na huko nje hakuna aliyesikia kitu.

Misumari hiyo ilipigiliwa na mdogo wake, seremala, ambaye aliizungushia nyundo matambara ili isilie, akafanya kazi siku mbili. Wazazi wao walikufa yeye akiwa na miaka tisa. Mama Shwari ndiye aliyemlea, akampeleka kujifunza ufundi, akamwozesha. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Watu walisema kinyozi hajinyoi, walilisema kwa chini, naye alilisikia. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mtoto wake na ukoo wake wote.

Mke wa seremala, yaani wifi yake, alikuwa msusi, na mtu akikaa kusukwa kwake alinyanyuka na nywele nzuri na mbavu zinazouma kwa kucheka. Mimba ya kwanza alijifungua hospitalini, kabla ya vita, na alipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio kuuliza nani anauawa. Mama Shwari hakuliacha hilo lipite. Miaka minne mfululizo, kila wakikutana, alimuuliza wifi yake kama sauti imerudi. Mimba ya pili ilipofika miezi saba, wifi alishuka zile ngazi, akaangalia nyuzi na vitambaa, akachagua rangi ya njano, kitanda cha tatu.

"Safari hii, wifi," alisema, "hata mbu ataniuliza kama nipo."

Na kweli alitimiza. Alikuja asubuhi, akauma kitambaa chake, na kufika saa nne alikuwa amejifungua mtoto wa kike mnene, bila kutoa sauti hata ya kupenga kamasi. Kondo la nyuma lilitoka zima, Mama Shwari akalikagua mara mbili. Mfuko wa uzazi ulikuwa mgumu, damu ni ya kawaida. Akamfunika, akamwekea mtoto kifuani, akamwambia kwa kunong'ona kwamba leo amemheshimu. Wifi akamkonyeza.

Kuna jambo ambalo kila mkunga analijua hata usingizini. Mzazi aliyejifungua sasa hivi hutazamwa kila baada ya robo saa, kwa saa mbili za kwanza. Unaushika mfuko wa uzazi, unafunua shuka, unaangalia kitambaa. Damu ya uzazi haina maumivu wala haipigi hodi. Mama Shwari alikuwa amewafundisha hilo wakunga wengi, na aliyeshindwa kulijibu alimtoa nje ya chumba.

Msaidizi wake siku hiyo, mama mmoja mfagizi, alikuwa ametoka kuchota maji. Hakurudi, kwa sababu lori liliingia uani. Injini ikazimwa, milango ikafunguliwa, na sauti za wanaume zikakaa pale pale chini ya dirisha, wakicheka na kujaza madumu. Na kama vile lori halikutosha, kitanda cha kwanza kikaanza mambo yake. Pale alilala mwalimu wa shule ya msingi, uzazi wake wa kwanza. Kichwa cha mtoto kilitoka, mabega yakakwama. Hilo nalo kila mkunga analijua: una dakika chache tu za kumtoa akiwa hai.

Ndipo kitambaa cha njano kikaruka mezani.

Mama Shwari alikwenda. Wifi alitaka maji, akapewa. Akarudi kwa mwalimu, akamkunja miguu mpaka kifuani, akajaribu kulizungusha bega. Kitambaa cha njano kikaruka tena. Akaenda tena, jasho linamtoka, na wifi akamuuliza kwa kunong'ona kama mwalimu bado anacho kitambaa au ameshakimeza. Wakati mwingine wangecheka wote wawili. Mama Shwari alimwambia, meno yamekazwa, kwamba akivuta tena bila sababu atakiona. Akarudi. Mwalimu alikuwa ameuma kitambaa mpaka machozi yanamtiririkia masikioni, na kichwa cha mtoto kimekuwa cha buluu.

Kitambaa cha njano kikaruka mara ya tatu.

Hasira hasara, na haijawahi kuwa vinginevyo. Mama Shwari alifika kitanda cha tatu kwa hatua nne. Alimfungua wifi yake uzi kidoleni, akauviringisha kwenye mguu wa kitanda, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, akageuka akaondoka. Juu dirishani mtu mmoja alikuwa akiimba.

Mtoto wa mwalimu alitoka hapumui. Mama Shwari alimsugua mgongo, akamsafisha mdomo, akampulizia pumzi kwa mpira wa kubinya kwa mkono, akahesabu, akapuliza tena. Hata hakujua alitumia muda gani. Baadaye alikadiria dakika kumi, lakini saa yake ya mkononi ilisema karibu arobaini. Hatimaye mtoto akakunja uso, akakohoa, akalia kilio kidogo, na mama yake akampokea kifuani. Mama Shwari alifurahi. Alisimama pale na glavu zake za damu akatabasamu peke yake, na kwa furaha ile mpaka leo hajajisamehe.

Kisha akakumbuka kitanda cha tatu. Kilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimshukuru wifi yake moyoni kwa utulivu. Akavuta pazia. Wifi alikuwa kama amelala, mdomo umefunguka kidogo, na mtoto bado ananyonya. Akafunua shuka.

Alifanya yote ambayo mkunga hufanya. Alichoma sindano ya kuzuia damu, akatundika dripu, akausugua mfuko wa uzazi uliokuwa umelegea, akaingiza ngumi akaukandamiza kwa mikono miwili mpaka mabega yakatetemeka. Mishipa ilikuwa imeshajificha, dripu haikuingia. Wifi alifungua macho mara moja, akamtazama, akayafumba. Alikata roho lori likiwa bado uani, na Mama Shwari, ambaye alimpenda mwanamke yule kama mdogo wake wa tumbo moja, hakutoa sauti. Aliuma kitambaa. Mwalimu, hatua nne tu kutoka pale, alikuja kujua mchana.

Lililofuata ndilo lililomla Mama Shwari kuliko yote. Alimfuta wifi yake damu, akabadilisha shuka, akamnyoosha miguu. Na mikono yake, ambayo maisha yake yote ilikuwa ikipanga vitu mahali pake, ikauchukua ule uzi na kumfunga tena kidoleni. Hakupanga kumdanganya mtu. Lakini alipomaliza fundo aliliona alilofanya, na hakulifungua.

Lori lilipoondoka alimwita mdogo wake. Alimwambia mke wake alitokwa na damu, kwamba wapiganaji walikuwa uani, na kwamba yeye alikuwa na mzazi mwingine mikononi. Yote yalikuwa kweli. Seremala alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa mkewe. Aliugusa uzi. Akauvuta kidogo, akatazama mezani, na kitambaa cha njano hakikutikisika, kwa sababu uzi ulikuwa bado umezunguka mguu wa kitanda, pasipoonekana chini ya shuka. Kisha akasimama, akaenda kando ya ukuta akigusa msumari mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Mama Shwari alifikiri ni mikono ya mfiwa tu, inatafuta cha kushika. Akamchukua mtoto, akamwacha aguse.

Majuto ni mjukuu, lakini wa Mama Shwari hakungoja kuzaliwa. Alihamia nyumbani kwake siku ile ile. Seremala alikuja kuishi kwa dada yake na watoto wawili, yule mkubwa wa miaka minne na yule mchanga. Mama Shwari alimlea mtoto wa wifi yake kwa maziwa ya kopo na kijiko, akamwogesha, akambeba mgongoni. Watu wakamsifu. Mwalimu naye alikuja na mwanawe aliyenenepa, akapiga magoti, akasema mtoto huyu ni wako. Mama Shwari alimwinua haraka, akamwambia aende salama, akaingia ndani akakaa jikoni na moto haujawashwa.

Mara ngapi alitaka kumwambia mdogo wake? Alitaka kila siku. Angemwambia arobaini ikipita. Arobaini ikapita, akasema mtoto aote jino kwanza. Jino likaota. Alijua kwamba siku atakayosema, seremala anaweza kufunga virago na watoto wake, naye akabaki na nyumba na jina lake zuri. Basi alinyamaza, na kunyamaza, nani asiyejua, ndio ulikuwa ufundi wake.

Baada ya miezi minane wapiganaji waliondoka mjini. Bawa moja la hospitali likaezekwa kwa mabati, na wodi ya wazazi ikapanda kutoka ardhini ikapata madirisha na vitanda kumi na viwili. Mama Shwari aliwaambia wanawake kwamba sasa ruksa, lieni mnavyotaka. Hawakulia. Walikuja na vitambaa vyao kutoka nyumbani, vimekunjwa vizuri, wakauma. Alimbembeleza mmoja, akamwambia mama, hakuna mtu nje, toa sauti. Yule mwanamke akamtazama kwa hofu, akauma zaidi.

Umeme wa kengele haukuwepo, kwa hiyo ikaamuliwa nyuzi ziendelee. Seremala akajitolea kuziweka bila malipo. Kwa wiki tatu nyumbani alichonga vigurudumu vidogo vya mbao, akavipiga msasa, akavipaka nta, akavijaribu kwa uzi, akavipiga msasa tena. Mama Shwari alimwambia acha kujichosha, misumari inatosha. Yeye akachukua kingine akaanza kukichonga.

Ilikuwa asubuhi, wodi haina mzazi bado, shuka mpya zimetandikwa. Seremala alikuwa juu ya kiti karibu na kitanda cha tatu, akifunga kigurudumu ukutani. Alifunga skrubu, akapitisha uzi, akavuta. Ukateleza vizuri. Akavuta tena, na tena, mara kumi, mara kumi na tano. Mama Shwari, akipanga glavu mezani, alimtania kwamba uzi huo utaisha kabla haujatumika.

"Huu hautakwama," seremala alisema bila kugeuka. "Ule ulikwama, dada."

Mama Shwari alimuuliza upi.

Ndipo mdogo wake akashuka kitini, akakaa juu ya kitanda na bisibisi mkononi, akamwambia habari ambayo alikuwa ameibeba miezi minane. Kwamba siku ile aliuvuta uzi uliokuwa kidoleni mwa mkewe na kitambaa hakikusogea. Kwamba alikagua misumari, na wa nne, ule wa kwenye kona, aliupinda sana. Alikuwa amechoka siku ya kuipigilia, alitaka kumaliza. Kwamba mke wake alimwita dada mara nyingi, hapana shaka, na uzi ukabana kwenye msumari wake yeye, fundi. Alisema hakuwa na uso wa kumweleza, kwa sababu dada angejisumbua kumfariji. Alisema kila akimwona mtoto anamwona na ule msumari.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema. "Kwa uvivu wa msumari mmoja."

Mama Shwari alishika ukingo wa meza. Alikuwa amedhani siri yake inamla yeye peke yake. Kumbe ilikuwa nyumbani inakula sahani mbili, inamla na yule aliyemlea tangu ana miaka tisa, kila usiku chini ya paa lake, naye anampakulia chakula na kumuuliza mbona huli. Angeweza kumwambia msumari ulikuwa mzima, nimeujaribu, usijilaumu. Ingekuwa kweli, na ingekuwa uongo mwingine. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Uzi haukukwama, mdogo wangu," alisema. "Nilimfungua mimi."

Akamwambia yote. Hakujipunguzia. Alimwambia habari ya lori, na ya mabega ya mtoto wa mwalimu, lakini alimwambia pia ya hasira, na ya zile dakika arobaini bila kwenda kumtazama. Alimwambia jinsi alivyouviringisha uzi kwenye mguu wa kitanda, na jinsi alivyoufunga tena kidoleni baada ya wifi kufa, na kwamba alimwona akigusa misumari na akakaa kimya. Alisema misumari yake ilikuwa mizima yote. Akasema kama atataka kuchukua watoto aende nao, hatamzuia, na nguo za mdogo atazipanga mwenyewe.

Seremala hakupiga kelele. Na yeye alikuwa amezoea. Aliiweka bisibisi kitandani. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza njia.

"Umesema alivuta mara tatu."

"Mara tatu."

"Mara ya kwanza alitaka nini?"

"Maji. Nikampa."

"Na ya pili?"

Mama Shwari alimweleza ule mzaha wa mwalimu na kitambaa, neno kwa neno. Uso wa seremala ukalegea, na kidogo acheke, kwa sababu alikuwa ni yeye hasa, mkewe kabisa, mwenye damu na mtoto kifuani na wapiganaji dirishani na bado anatafuta cha kuchekesha. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Na mara ya tatu?" aliuliza. "Alitaka nini?"

Mama Shwari aliutazama uso huo aliouosha tangu mdogo wake ana miaka tisa. Aliwahi kujiuliza mambo mengi kuhusu asubuhi ile, lakini hilo alikuwa amelizunguka miezi minane kama shimo la barabarani. Alimwona wifi yake akiinua mkono kutoka kwenye shuka, midomo ikianza neno, na yeye mwenyewe akiweka kidole kwenye midomo yake.

"Sikumuuliza," alisema.

Seremala aliendelea kumtazama, akisubiri, kama mtu anayedhani jibu bado linakuja.